Tai Juu ya Abakosi

Nilivaa tai juu ya abakosi. Nalisema mapema, kabla hamjaanza kunihurumia. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, akili zangu zilikuwa timamu, hakuna aliyenishika mikono kwa nguvu, na nilisimama mbele ya shule nzima, wazazi wote na mapadri wawili nikiwa nimefunga tai nyekundu juu ya abakosi ya marehemu mume wa jirani. Kwa msomaji asiye wa Kongo, abakosi ni lile koti la enzi za Zaire, la vifungo mpaka kooni, ambalo wanaume wa ofisini walivalishwa ili waachane na suti za Wazungu na, zaidi ya yote, waachane na tai. Koti hilo lilizaliwa kuiua tai. Kuvivaa vyote viwili pamoja ni kama kuingia harusini umemshika mkono mume wa kwanza wa bibi harusi. Mpaka leo, mtu akifungua sanduku karibu nami na harufu ya naftalini ikatoka, ile harufu kali ya vidonge vyeupe vya kufukuza nondo, shingo yangu inaanza kuwasha, nami natafuta mlango wa kutokea. Na kwa kuwa mimi ni mtu wa nyumbani, ambaye hata sokoni huenda kwa kusukumwa, mlango wa kutokea ndio kitu ninachokitafuta mara chache kuliko vyote.

Kilikuwa kiangazi cha pili tangu lava ishuke na kupita katikati ya mji. Mtaa wetu ulikuwa umejengwa upya juu ya mawe yale yale yaliyoumeza. Nyumba zilikuwa za mbao, bado zikinuka utomvu, mabati yakilia mchana kwa joto, na chini palikuwa peusi kila mahali, mawe yenye meno yaliyokula viatu vyetu kwa wiki chache. Vumbi lilikuwa jeusi, kamasi zetu zilikuwa nyeusi, na roho za watu, kama mtaniruhusu, hazikuwa nyeupe sana. Kabla ya lava, kiwanja chetu na cha Mama Kahindo, mjane wa karani mmoja wa posta, vilitenganishwa na ua wa miti. Lava iliuchoma ua na kuuzika. Ilipopoa, Mama alikumbuka vizuri kabisa ua ulipopita, na Mama Kahindo pia alikumbuka vizuri kabisa, na kumbukumbu zao zilipishana kwa hatua moja na nusu. Mzee wa mtaa alikuja, akapima kwa miguu yake, akanywa chai pande zote mbili, akaondoka. Basi kila mmoja akaanza kurundika mawe pale alipotaka mpaka uwe, na katikati yao pakabaki kichochoro ambacho hata mbuzi alikipita kwa wasiwasi.

Hawakusalimiana. Walisemeshana kupitia kuku. Kuku wetu akivuka, Mama Kahindo alimwambia kwa sauti ya kufika barabarani: "Weye kuku, hauna haya? Kwenu hawakulishake? Kila siku ku watu!" Na Mama, aliyekuwa akiparua sambaza, vidagaa vya ziwani, kwenye sufuria, alimjibu kuku huyo huyo: "Rudi, kuku yangu, rudi. Kule watakupika na manyoya yote, hawana mafuta ya kutosha." Kisha maji ya samaki yalimwagwa upande ule. Sisi watoto tuliambiwa kwamba atakayemwamkia yule mwanamke asirudi kula. Baba angeweza kusema neno, lakini Baba alikuwa mfanyabiashara wa njia ya Butembo, na wiki nyingi zilipita hatumwoni. Akirudi, alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka huwa upande wa anayempikia.

Ndipo mwalimu wetu wa mwaka wa tano, Mwalimu Paluku, kijana mwembamba mwenye mawazo mengi kuliko chaki, akaamua kwamba siku ya kusomewa matokeo, ile tuliyoiita proklamasyo, isianze na hotuba kama kawaida. Ianze na onyesho. Kila darasa lingeimba muziki wa miaka yake: mwaka wa tatu miaka ya sitini, wa nne miaka ya themanini, wa sita miaka ya tisini. Sisi tulipewa sabini. Mwalimu alikuwa na kaseti ya ala tupu, gitaa na ngoma bila mwimbaji, na picha moja iliyokatwa kwenye gazeti kuukuu, ya mwanamume mnene mbele ya maikrofoni, amevaa abakosi. "Tunahitaji mutu ya kusimama hapa," alisema, akigonga tumbo la yule mwanamume kwa kidole. Alituangalia mmoja mmoja, akafika kwangu. "Weye. Weye njo murefu." Hilo tu ndilo alilosema. Hakutaja sauti. Lakini mimi nilirudi nyumbani nikijua kwamba nina sauti, na ya kipekee, hata ikabidi msichana achaguliwe kuwa mwanamume mnene mbele ya wavulana wote wa darasa. Wasichana wengine walipewa kucheza nyuma yangu wakizungusha viuno. Niliwahurumia.

Shida ilikuwa koti. "Asiye na abakosi hasimami mbele," alisema Mwalimu Paluku. "Ijumaa nataka kuiona, la sivyo nampa Clarisse." Clarisse alikuwa mfupi kuliko mimi kwa kichwa kizima, lakini mjomba wake alikuwa na koti la kijivu ambalo kwa mbali lingeweza kudanganya. Nilikuwa na siku tatu. Kwetu hapakuwa na abakosi. Vitu vyetu vyote vya zamani vilikuwa chini ya miguu yetu, vimegeuka jiwe. Katika mtaa mzima niliijua moja tu, na nyinyi mmeshajua ilikuwa ya nani. Siku lava iliposhuka, Mama Kahindo aliacha godoro, akaacha sufuria, akajitwika sanduku la bati lenye nguo za marehemu mumewe, akatembea nalo hadi ng'ambo ya mpaka na kurudi nalo. Kila kiangazi aliitoa abakosi ile, rangi ya kahawia iliyokolea, akaitandaza juani juu ya rundo lake la mawe, pale pale kwenye ugomvi, mikono yake ikielekea kwetu. Mama aliiita bendera ya adui.

Nilizunguka kwa barabara ya nyuma ili Mama asinione. Mama Kahindo alikuwa amekaa mlangoni anachambua sombe, majani ya muhogo. Hakunikaribisha, na mimi sikumlaumu.

"Uko unatafuta nini hapa?"

"Shikamoo, Mama. Niko naomba abakosi ya Papa Kahindo. Ya siku moja tu. Ni ya masomo."

Aliacha majani. "Weye mutoto ya ule mwanamuke, unavuka mawe unakuya kuniomba nguo ya muzee yangu?"

"Sikuvuka mawe, Mama. Nilipita ku barabara."

Hilo nadhani lilimpendeza kidogo, maana aliangalia pembeni. Akauliza nitaimba wapi, nani watakuwepo, kama wazazi wote wamealikwa. Nilipomwambia kwamba wazazi wote watakaa mbele kwa viti, alisimama, akaingia ndani, na nikasikia bati la sanduku likilia. Harufu ya naftalini ilitoka kabla yake. Aliniwekea koti mikononi kama mtu anayekabidhi mtoto mchanga kwa mtu asiyemwamini.

"Nakupatia," alisema, "juu mama yako akae pale, aone ni nani anakuvalisha. Usiifue. Usiikunje. Na nitakuya, nitakaa mbele."

Mtoto mwenye akili angeelewa hapo hapo kwamba hajaazimwa koti, ni yeye aliyeazimwa vitani. Mimi nilielewa kwamba Clarisse amekwisha. Nilificha abakosi shuleni, kabatini mwa Mwalimu Paluku, na nyumbani nilifanya mazoezi bila koti, nyuma ya jiko, karibu na mawe, kwa sababu pale sauti ilirudi vizuri. Maneno yalikuwa ya Kilingala, ambacho sikukijua, kwa hiyo niliyafungua tu mdomoni na kuyaachilia. Kila nilipoanza, Mama alikumbuka kwamba chumvi imekwisha. Niliimba, nikatumwa sokoni Birere kununua chumvi. Nikarudi, nikaimba, nikatumwa sabuni. Siku zile tulikuwa na chumvi ya kutosha kijiji kizima. Na upande wa pili, kila nilipofika kwenye kiitikio, Mama Kahindo aliifungulia redio yake mpaka mwisho. Wivu, nilijiambia. Wivu pande zote. Msanii huwa hana watu.

Asubuhi ya proklamasyo nilileta abakosi nyumbani nivae, kwa sababu kule shuleni hapakuwa na kioo. Mama alikuwa jikoni. Alinusa kabla hajaona. Aligeuka taratibu, mwiko mkononi, akaniangalia kuanzia mikono iliyonipita vidole hadi chini ya koti lililofika magotini. Nilingoja kofi. Halikuja. Alijua kila mtu ameshaambiwa kwamba mtoto wake ndiye anayesimama mbele, na shangazi zangu walikuwa tayari wamevaa vitenge vya sherehe. Alisema tu, kwa sauti ndogo ambayo niliiogopa kuliko mwiko: "Kumbe. Kwetu hakuna hata kitu moja ya kukuvalisha." Maneno hayo yaliniingia. Nilitaka nyumba zote mbili ziwe mwilini mwangu, nisiwe wa adui peke yake. Nikaenda chumbani, nikafungua begi la Baba, lililopona kwa kuwa siku ya lava lilikuwa naye njiani, nikatoa tai yake nyekundu, ya harusi yao, ya pekee aliyokuwa nayo, nikaifunga juu ya kola ya abakosi kwa fundo kama la kufungia gunia la maharage. Nilirudi jikoni kuonyesha. Mama aliiangalia tai. Kisha akaweka mwiko chini, akafuta mikono, akanyoosha fundo lile kwa vidole viwili, akalivuta likae katikati kabisa.

"Enda," alisema.

Uwanja wa shule ulikuwa wa mawe yaliyosawazishwa kwa nyundo na subira. Jenereta ilikuwa ikinguruma nyuma ya choo, ikitoa moshi wa mafuta uliochanganyika na harufu yangu ya naftalini hata nikawa kama duka la dawa linaloungua. Darasa la tatu waliimba sitini zao, watu wakapiga makofi. Tukaitwa. Wachezaji wangu walitoka kwanza, viuno vikizunguka, kisha nikatoka mimi, nimevimba kifua, na kaseti ikaanza. Sikuwahi kufika kwenye neno la kwanza. Mzee mmoja wa mstari wa mbele, mwenye fimbo, alinyoosha kidole na kupiga kelele: "Sitwayeni anavaa kravati!" Sitwayeni, yaani raia, ndivyo watu wa zamani zile walivyoamriwa kuitana, na kravati ndiyo tai. Cheko lilipasuka. Halikuwa cheko la kumpenda mtoto. Wazee waliopitisha maisha yao wakificha tai chini ya magodoro walicheka kwa hasira, kama watu wanaolipiza. Mmoja akauliza kama nimetumwa na Wabelgiji. Mwingine akasema niitiwe vijana wa chama, wale waliokuwa wakiwinda tai enzi za Zaire, waje wanikamate. Watoto hawakujua kinachochekwa, lakini watoto hawahitaji sababu. Mwalimu Paluku, ambaye alipopata akili abakosi tayari ilikuwa kitambaa cha kufutia baiskeli, aliangalia picha yake ya gazeti, akaniangalia mimi, akaiangalia tena picha.

Mama Kahindo alisimama. Alivaa nyeusi, kama kawaida yake, na alitembea kuja jukwaani bila haraka, huku gitaa la kaseti likiendelea kuimba peke yake. Cheko lilipungua kwa kila hatua yake. Nilidhani anakuja kunivua koti mbele ya watu, na chini ya koti nilikuwa na singleti yenye tundu. Alishika tai. Nilisikia pumzi yake. Alifungua fundo la Mama kwa nguvu kiasi kwamba shingo yangu ilifuata mbele na kurudi, akaitoa, kisha akafunga vifungo vya abakosi kimoja kimoja mpaka cha juu kabisa, akinibana koo. "Imba sasa," alisema. Lakini kaseti ilikuwa imefika mwisho. Ilikata kwa mlio mdogo, tak, na darasa la nne walikuwa tayari wanapanga mstari.

Mama alikuwa ameshasimama pia. "Rudisha kravati ya bwana yangu!"

"Kuya uitafute kwangu," alijibu Mama Kahindo, akiisokota tai na kuiingiza kwenye kitenge kiunoni. "Njia unaijua, kila siku unamwagaka maji pale."

Sitasimulia yote yaliyofuata. Padri mmoja alipoteza miwani. Matokeo yalisomwa kwa kuchelewa sana, nami nilikuwa wa kumi na tisa, ambayo ndiyo nafasi yangu ya kawaida, kwa hiyo msiisingizie tai. Abakosi nilirudisha kesho yake kwa kuipitisha juu ya mawe, kama Mama alivyoamuru. Ilipokelewa, na tai haikurudi. Kila mwaka Mama aliidai kupitia kuku. Kila mwaka kuku alijibiwa kwamba mwenye kravati aje mwenyewe, kwa miguu yake, aombe. Hakwenda. Baba alisema hakuwahi kuipenda, ilikuwa inambana, na akatazamwa mpaka akanyamaza.

Nilikuwa nimeshamaliza sekondari, siku moja tunachagua maharage, ndipo Mama aliponiambia bila kuinua macho. Papa Kahindo, siku ya harusi yake mwenyewe, enzi za Zaire, alivaa tai. Vijana wa chama walimkamata mlangoni mwa kanisa na alilala kachoti, yaani mahabusu, siku mbili, bibi harusi akingoja kwa wakwe na keki. Alipotoka, kitu cha kwanza alichonunua ni abakosi ile. "Mama," nikasema, "ulijua? Siku ile uliponinyooshea fundo, ulijua?" Aliokota kijiwe kwenye maharage, akakitupa upande wa Mama Kahindo. "Nilijua," akasema. Basi nikawa na hadithi yangu. Nimeisimulia tangu wakati huo kwa yeyote anayekaa muda wa kutosha kwenye baraza langu, ninapouzia unga na mkaa: kwamba nilikuwa mwimbaji, kwamba nilikuwa na sauti iliyowatisha watu wazima wawili, na kwamba wanawake hao wawili walinitumia kama jiwe la kurushiana, ndiyo maana leo niko hapa nikipima unga badala ya kuwa mbele ya maikrofoni Kinshasa. Ni hadithi nzuri. Inaeleza kwa nini sitoki nyumbani, na lawama yote inaangukia watu wengine.

Mama alifariki miaka michache iliyopita. Mama Kahindo hakuja matangani. Alileta kigoda chake hadi kwenye mawe, upande wake, akakaa pale siku tatu akilia kwa sauti iliyowafunika shangazi zangu wote. Nilimpelekea chai. Hakuvuka, na hakuniruhusu nivuke. Alinyoosha mkono juu ya mawe, akapokea kikombe, akanywa, akaendelea kulia. Leo mahali pa yale mawe pana ukuta wa matofali ya sementi, umenyooka, una vipande vya chupa juu, na umepita pale ambapo fundi aliona ni rahisi. Hatua moja na nusu hakuna anayeijua tena isipokuwa mimi na yeye. Majirani wapya wanasalimiana kwa simu na hawajui hata majina ya kuku wa mwenzao. Tuna amani, na ni amani ya watu wasiojuana. Zamani nilijua kila siku ni nani anayenichukia na amekaa wapi. Sasa wanaonichukia, kama wapo, hawajisumbui kuniambia.

Mwezi uliopita binti yangu, ana miaka kumi, alirudi na karatasi ya shule. Wanafanya onyesho la muziki wa zamani, na darasa lake limepewa miaka niliyokuwa mtoto mimi. Yaani nimeshakuwa kale. Akaniuliza: "Mama, juu ya nini uliacha kuimba?" Nikamsimulia, kama kawaida, na nilipofika kwenye tai hasira ilinipanda upya, mbichi, kama ya jana. Nikavaa kandambili, mimi nisiyetoka, nikazunguka kwa barabara. Mama Kahindo alikuwa kitandani, amekuwa mdogo, macho yale yale. Chini ya kitanda palikuwa na sanduku la bati. Kufuli lake lilivunjika ule mwaka mlima wa moto ulipotutisha tena na mtaa wote ukakimbilia mji jirani wa Sake. Mimi nilibaki, si kwa ushujaa, nilikuwa na maharage jikoni. Na sanduku lilikuwa limefungwa kwa kamba nyekundu iliyofifia. Niliitambua mara moja.

"Mama Kahindo, nakuya kutafuta kravati ya baba."

"Mama yako njo anakutuma?"

"Mama alishakufa."

"Najua alikufa. Nauliza kama anakutuma."

Nikamwaga yote niliyokuja nayo: kwamba nilikuwa mtoto, kwamba walinivunja mbele ya watu, kwamba mimi ningeimba siku ile, ningeimba mpaka leo, kama si tai yake Baba na mikono yake yeye na vidole vya Mama. Nilisema mengi, na kwa sauti. Aliniacha nimalize. Akajiinua kwa kiwiko, akaniangalia karibu kwa huruma, akasema:

"Mutoto, mimi na mama yako tulisikilizana kitu moja tu mu maisha yetu yote: weye haujuake kuimba."